Viungo vya Taco vya Kusaga Mwenyewe, na Unga Nilioutia



Ndugu msomaji, safari hii nimeombwa niandike somo la jikoni badala ya somo la mirathi. Nimekubali upesi, kwa sababu somo lenyewe lina deni langu ndani yake. Deni hilo nitalieleza huko mbele. Kwanza tupike.

Muhula uliopita mwenzangu wa chumba alirudi kutoka Kampala na paketi ya viungo vya taco. (Neno hili naliandika kama wanavyoliandika wenyewe, nikilitia katika tahajia ya Kiswahili litageuka neno jingine tusilolitaka gazetini.) Tulikaanga nyama ya kusaga, tukamimina paketi nzima, tukafungia ndani ya chapati kama rolex. Ilikuwa tamu, wallahi. Baada ya kula ndipo nikasoma maandishi ya nyuma: pilipili, chumvi, wanga wa mahindi, bizari nyembamba, maltodekstrini, na mwisho "ladha asilia".

Wanga hauna neno, na maltodekstrini hutokana na wanga. Lakini ladha asilia ni asili ya nini? Mmea, mnyama, au kitu kilichoyeyushwa katika pombe? Paketi haikusema, wala haikuwa na alama ya halali. Sikusema ni haramu, maana mtu haharamishi kwa dhana. Ila sote tumesomeshwa hadithi ya An-Nu'man bin Bashir (radhi za Allah ziwe juu yake), kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na katikati yapo mambo yanayotatiza wengi. Kwa jambo la pilipili na bizari, kutoka katika utata ni kazi ya nusu saa. Nikaamua kusaga vyangu.

Kabla ya kusaga, tujue tunasaga nini. Nchini Meksiko taco hailiwi kwa unga wa paketi. Nyama hutiwa chumvi na viungo vyake, ikawekwa juu ya mkate mwembamba wa mahindi, kisha mlaji akajimiminia mchuzi wa pilipili. Unga huu mwekundu wenye bizari nyingi ni wa upande wa Texas, Marekani. Huko, miaka ya 1890, mhamiaji wa Kijerumani aitwaye William Gebhardt, wa mji wa New Braunfels, alianza kuuza unga wa pilipili uliochanganywa tayari. Bizari nyembamba yenyewe haikuota Amerika; ni mmea wa kwetu sisi wa Mashariki, Waarabu huuita kammun, na Wahispania ndio walioivusha bahari. Pilipili kali ilisafiri kinyume chake, ikatoka huko ikaja kwetu. Zimekutana ndani ya chupa moja. Na usidhani kwamba kila taco ni salama kwa kuwa bizari yake ni ya Mashariki: ile iitwayo al pastor, iliyotokana na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni, huko kwao hupikwa kwa nyama ya nguruwe.

Sasa sokoni. Hapa Mbale nilikosea siku ya kwanza. Nilimwomba mama mmoja binzari, akanipimia unga wa manjano. Kumbe kwa Waganda binzaali ni ule wa manjano wa mchuzi. "Mwanangu, sema jira," akaniambia, akacheka. Kwa hiyo sema jira, na ununue nzima, mbegu zenyewe. Pilipili kavu pia nunua nzima. Iliyosagwa huwezi kuijua ina nini. Mwaka 2005 kule Uingereza zaidi ya aina 400 za vyakula ziliondolewa madukani kwa sababu unga wa pilipili uliotumika ulikuwa umetiwa rangi ya Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula. Wakubwa walidanganywa, sembuse mimi na wewe wenye shilingi zetu chache. Ukiwa tayari una iliyosagwa, tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji uache itulie. Mchanga na vumbi la tofali huzama, na ukipapasa chini kwa kidole utasikia chembe.

Chagua pilipili isiyo na madoa meusi wala harufu ya uvundo. Unyevu huleta ukungu, na ukungu huo ndio ule ule tunaouogopa kwenye karanga na mahindi.

Vipimo vyangu ni hivi: paprika, yaani pilipili tamu iliyosagwa, vijiko vikubwa 3, jira vijiko vikubwa 2, mbegu za giligilani kijiko kikubwa 1, pilipili kali kijiko kikubwa 1, chumvi kijiko kikubwa 1, kitunguu saumu cha unga na kitunguu maji cha unga, vijiko vidogo 2 kila kimoja, oregano kijiko kidogo 1 na pilipili manga kijiko kidogo 1. Jumla ni vijiko vikubwa 10. Nusu kilo ya nyama inataka 2, basi hapo una nyama ya kilo mbili na nusu.

Tahadhari moja. Ukikuta maelekezo ya Kimarekani yanasema "unga wa pilipili" vijiko vikubwa 3, usitie kamulali vijiko 3! Unga wao tayari umechanganywa na jira, oregano na kitunguu saumu, na pilipili yake ni ya upole. Sisi tulijaribu. Maziwa yote ya chumbani yaliisha usiku ule.

Jira na giligilani zikaange kavu, moto mdogo, dakika moja au mbili, ukikoroga bila kuacha. Harufu ikipanda, ondoa. Ukingoja zigeuke kahawia iliyokolea, zimekuwa chungu. Ziache zipoe kabisa ndipo usage, maana za moto hutoa mvuke na unga hushikamana. Pilipili usiikaange chumbani dirisha likiwa limefungwa, labda kama umegombana na majirani. Kitunguu saumu unaweza kukausha mwenyewe: kata vipande vyembamba, funika kwa chandarua, anika juani mpaka kivunjike badala ya kupinda. Chekecha vyote, changanya, tia katika chupa kavu ya kioo. Na unapopika usitikise chupa juu ya sufuria, mvuke utaingia. Chota kwa kijiko kikavu.

Nalo hili la mikono. Nilisaga pilipili, nikanawa kwa maji, ikaadhiniwa Alasiri, nikaenda kutawadha. Nilipopandisha maji puani na kuosha uso nililia kama mtoto, na ndugu aliyekuwa bomba la pili akadhani nimefikwa na msiba. Ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta. Paka mikono mafuta ya kupikia kwanza, sugua, kisha osha kwa sabuni mara mbili ili mafuta yasibaki kwenye ngozi yakazuia maji ya udhu.

Sasa lile deni.

Wenzetu wa hosteli walipenda, nikaanza kuuza, chupa shilingi 5,000. Mara ya tatu niliahidi chupa 14, na paprika ikaniishia. Haipatikani kirahisi hapa na bei yake ni kali. Nikatia unga wa mahindi, ule laini, karibu robo ya mchanganyiko. Rangi ilipofifia nikaongeza pilipili kuificha. Nilijiambia kwamba hata paketi za dukani zina wanga.

Wiki iliyofuata, darasa la fiqhi ya biashara, mwalimu alifika kwenye hadithi ya Abu Hurayra katika Sahih Muslim: Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye fungu akasema limenyeshewa. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu, watu wauone. Kisha likaja lile onyo juu ya mwenye kughushi. Mwalimu akatuuliza, je, alikatazwa kuuza chakula kilicholowa? Hakukatazwa. Alikatazwa kukificha. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari. Paketi ya dukani iliandika wanga wake mgongoni. Chupa yangu haikuandikwa kitu.

Jioni ile nilizunguka vyumba. Mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha na kuchukua pesa yake. Aliyekwisha kukitumia hana cha kurudisha, basi hulipwa tofauti ya thamani. Watano walirudisha. Saba walisema tumebakiza, tumekusamehe, na mmoja akaongeza kwamba kumbe ndiyo maana mchuzi wake ulikuwa mzito. Wawili walikuwa wamemaliza. Niliwapa 1,000 kila mmoja, nikidhani ni sawa na ule unga. Mmoja wao alipokea bila kusema neno. Hajanunua tena, na simlaumu.

Siku hizi paprika ikikosekana siuzi. Na kila chupa ina karatasi yenye viungo vyote tisa kwa vipimo vyake, hivyo hivyo nilivyokuandikia hapo juu.