SOMO LA CHUMA KINACHOCHOKA

Ninyi mnaosukuma kinga zenye mizigo toka Kasongo kwenda Kabambare, mpaka machimbo ya Namoya, sikilizeni somo hili.

Mtu anapakia mchele na mafuta ya mawese. Akiteremka kilima, ekseli ya gurudumu inakatika. Mzigo unamwagika, naye aweza kuvunjika mguu. Watu husema: “Mzigo wa leo ulizidi.” Mara nyingi si hivyo. Ekseli hiyo ilianza kufa zamani.

Shika waya, uikunje huku na huku. Haikatiki mara ya kwanza, inakatika baadaye. Vivyo hivyo ekseli hupindwa kidogo kidogo safarini, mara maelfu. Huo ndio uchovu wa chuma. Tarehe 8 Mei 1842, karibu na Versailles katika Ufaransa, ekseli ya gari la moshi ilikatika, wakafa watu zaidi ya 50. Baadaye August Wöhler, fundi wa reli wa Ujerumani, alipima ekseli nyingi. Akaonyesha ya kuwa hata mzigo mdogo hukata chuma, ukirudiwa mara nyingi.

Ufa huanzia wapi? Mara nyingi huanzia juu, katika ngozi ya chuma, kwa maana chuma kikipindwa ngozi ndiyo inayovutwa zaidi. Mkwaruzo wa tupa na shimo la kutu ni mlango wa ufa. Hata kromi ngumu inayong’aa yaweza kupunguza maisha ya chuma, kwa kuwa ina nyufa ndogo ndogo. Viwandani hulainisha ngozi, ama huipiga kwa risasi ndogo za chuma, ili ibanwe na ufa usifunguke. Usiige kazi hiyo kwa nyundo. Nyundo huacha makovu.

Basi fanya hivi:

1. Baada ya mvua, futa matope na maji, kisha paka mafuta.

2. Usikwaruze ekseli kwa tupa.

3. Fungua gurudumu mara kwa mara, utazame. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, tupa ekseli. Ufa wa chuma hauponi.

4. Ekseli ikikatika, tazama mahali pa mkato. Upande laini wenye kutu ni ufa wa zamani. Upande wenye chembe zinazong’aa ni mkato wa leo. Ukiona hivyo, kagua na ekseli ya gurudumu la pili.

Ekseli hununuliwa sokoni. Mguu hauuzwi.