Motokari ya kulala safarini: tazama kwanza hewa, uzito na viti



Ndani ya mgodi hakuna mtu anayeingia katika galeri bila kuuliza: «Je, hewa inapita?» Kapita anauliza, fundi wa mashini za hewa anauliza, hata kijana aliyeanza kazi juma lililopita anauliza. Lakini mtu yule yule, siku za mapumziko zikifika, anasafiri na jamaa yake katika basi dogo. Usiku baridi inakuja. Anafunga milango na vioo vyote, analaza watoto, kisha anaingiza mbabula ya makala katikati yao ili wapate joto. Hapo hakuuliza kitu.

Basi dogo lililofungwa ni galeri fupi isiyo na mashini ya hewa. Ndiyo sababu somo letu la leo linahusu namna ya kuchagua motokari ndogo ya kulala safarini, ile inayofaa kwa matembezi ya siku moja na pia kwa safari ya siku nyingi. Watu wengi wanachagua kwa macho: rangi, mapazia, godoro laini. Sisi tutachagua kama watu wa mgodi, maana yake kwa hewa, kwa uzito na kwa viti.

1. Jua kwanza safari yako

Motokari ya namna hii si kitu kipya. Kiwanda cha Volkswagen, kule Ujerumani, kilianza kutengeneza Kombi mwaka wa 1950. Mwaka wa 1951 kampuni ya Westfalia iliweka ndani yake kitanda, meza na kabati. Jina lenyewe, Kombi, linataka kusema motokari ya kazi mbili: siku za kazi inabeba mizigo, siku ya Mungu inabeba jamaa. Ile ya Kombi ya pili, iliyotoka mwaka wa 1967, ina urefu wa metre 4 na nusu tu. Iliendelea kutengenezwa huko Brazili mpaka mwaka wa 2013.

Urefu huo unatufundisha kitu. Motokari kubwa ya metre 6 ina nafasi ya kusimama, ya kupika na ya kulala. Lakini inakunywa esanse au mazuti mengi, inageuka kwa shida, na katika barabara ya udongo inakwama upesi. Motokari ndogo inapita njiani, inaingia uwanjani kwako, na unaitumia kila siku. Jiulize: katika mwaka mmoja nitakwenda mara ngapi kutoka Lubumbashi mpaka Kipushi na kurudi siku ile ile? Na mara ngapi nitalala njiani kuelekea Kolwezi ama Kundelungu? Chagua kwa safari unayofanya mara nyingi, si kwa ile unayoota.

Usinunue bila kupima kitanda. Chukua metre, kunja viti, ulale chini muda wa dakika kumi, na mke wako alale pembeni. Kama miguu imekunjwa, kesho yake utaendesha ukiwa umechoka, na shofere aliyechoka ni hatari kuliko fereni mbaya.

2. Hewa

Huku Katanga ya juu, nchi iko kwenye metre 1 200 hivi juu ya bahari, na uwanda wa Kundelungu uko juu zaidi. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi kweli. Hapo ndipo mbabula inapoingia ndani, na kifo kinaingia pamoja nayo.

Makala yakiwaka yanatoa gazi inayoitwa oksidi ya kaboni. Gazi hii haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Watu wanasema: «Makala yamekuwa mekundu, moshi umekwisha, sasa hakuna hatari.» Huo ni uongo. Moshi umekwisha lakini gazi inaendelea kutoka, hata majivu yanapofunika makala. Ndani ya mwili, gazi hii inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka lakini haibebi tena hewa nzuri. Mtu anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, miguu inalegea. Aliyelala hasikii kitu. Anapita kutoka usingizi mpaka kifo.

Kwa hiyo, unapochagua motokari, tazama mambo haya:

— Ina vioo vinavyofunguka pande mbili, ili hewa ipite? Kioo kimoja hakitoshi.
— Vioo hivyo vinaweza kuwekwa wavu wa kuzuia mbu? Mtu akiogopa mbu atafunga kila kitu, na akifungua kila kitu atapata malaria. Wavu mzuri unamaliza ugomvi huo. Ndani, lala pia chini ya chandarua chenye dawa.
— Sakafu ina matundu ya kutu? Bomba la moshi limetoboka? Moshi wa injini una gazi ile ile, nao unapanda kupitia matundu hayo.

Na hata motokari ikiwa nzuri, sheria ni hizi: mbabula haiingii ndani kamwe, hata ikiwa na kioo kimoja wazi. Injini haiachwi ikizunguka wakati watu wamelala. Jiko la gazi ni la kupikia, si la kuota moto. Jenereta inawekwa mbali, upande ambao upepo hauleti moshi wake kwenu. Joto litoke katika blanketi, soksi, kofia na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri katika kitambaa. Siku hizi kuna pia kifaa kidogo cha batri kinacholia kikisikia oksidi ya kaboni. Ukikipata, kiweke mahali pa kulala na ukijaribu kabla ya kila safari.

Ukikuta watu wamezimia ndani ya motokari, usiingie kukaa pamoja nao. Fungua milango yote, zima injini, vuta watu nje kwenye hewa safi. Asiyepumua apewe pumzi ya kusaidiwa, kama tulivyofundishwa kazini. Wapeleke wote hospitalini, hata wale wanaosema «nimepona», na umwambie munganga wazi kwamba kulikuwa na mbabula au moshi wa injini. Bila neno hilo anaweza kufikiri ni malaria.

3. Uzito

Kila motokari ina kibao cha chuma au karatasi inayoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa hapo uzito wa motokari tupu. Kinachobaki ndicho unachoweza kubeba. Tufanye hesabu moja. Tuseme kibao kinaonyesha kilo 2 800, na motokari tupu ni kilo 2 100. Unabaki na kilo 700.

Watu sita, wakubwa na watoto: kilo 390. Kitanda na kabati za mbao: kilo 80. Bidoni tatu za maji za litre 20: kilo 60, kwa sababu litre moja ya maji ni kilo moja. Chupa ya gazi: kilo 25. Batri ya pili: kilo 25. Blanketi na magodoro: kilo 40. Chakula na sufuria: kilo 40. Vyombo vya kazi na gurudumu la akiba: kilo 40. Jumla ni kilo 700. Motokari imejaa, na hujafika hata Likasi.

Sasa wakati wa kurudi unasimama njiani, unanunua gunia la makala na magunia mawili ya mahindi kwa ajili ya bukari ya nyumbani. Unayafunga juu. Umepita uzito, na tena umeweka uzito juu ya paa. Fereni zinachukua muda mrefu zaidi kusimamisha motokari, mipira inapata moto na kupasuka, na kwenye kona motokari inaanguka kwa ubavu. Mizigo mizito iwekwe chini, karibu na katikati, na ifungwe kwa kamba. Paa ni ya vitu vyepesi.

Tazama pia umri wa mipira. Ubavuni kuna namba nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira wenye 1409 ulitengenezwa katika juma la 14 la mwaka wa 2009. Unaweza kung'aa kama mpya na kuwa umeoza ndani.

4. Viti na mlango

Hesabu ya kulala si hesabu ya kusafiri. Motokari inaweza kulaza wanne lakini ikawa na viti vitatu tu vyenye mukaba. Hapo wanasafiri watatu. Kitanda si kiti: mtoto aliyelala nyuma motokari ikitembea anaruka mbele kama jiwe siku ya kugongana. Kiti cha benchi kilichowekwa na seremala, kikiwa kimeshikwa kwa misumari katika mbao, kinang'oka pamoja na waliokikalia. Kiti lazima kishikwe na bulo katika chuma cha motokari, na mukaba vilevile.

Ujue pia kwamba katika Kombi za zamani, na katika mabasi mengi madogo ambayo pua yake ni fupi, miguu ya shofere iko mbele kabisa. Kati yake na lori la mbele kuna chuma kidogo sana. Motokari hizo zinataka mwendo mdogo na nafasi kubwa mbele yako.

Kuhusu mlango: mabasi mengi madogo yanatoka Japani, ambako wanaendesha upande wa kushoto wa barabara. Mlango wa kuvuta uko kushoto, upande wa majani kwao. Kwetu tunaendesha upande wa kulia, basi mlango ule unafunguka katikati ya barabara, mbele ya malori ya mgodi. Watoto wanatoka mbio kwenda kukojoa, na lori linakuja. Ukiweza, chagua motokari yenye mlango kulia au pande zote mbili. Kama unayo tayari ile ya mlango wa kushoto, toka kabisa barabarani kabla ya kusimama, na mkubwa mmoja atangulie kushuka.

5. Moto

Gazi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda dirishani, inashuka sakafuni na kungoja cheche. Chupa isimame wima, ifungwe vizuri, na sanduku lake liwe na tundu chini linalotoka nje. Tafuta mvujo kwa maji ya sabuni, si kwa kiberiti. Katika safari, funga chupa. Katika Kombi za zamani injini iko nyuma, chini ya mahali pa kulala: badilisha mipira ya esanse iliyopasuka kabla ya kuondoka. Wakati wa kiangazi usisimame juu ya majani makavu, bomba la moshi linaweza kuyawasha. Zimamoto iwe karibu na mlango, si chini ya mizigo.

Maswali ya kujipima

Swali: Makala hayana moshi tena. Naweza kuingiza mbabula?
Jibu: Hapana. Gazi inayoua haionekani.

Swali: Motokari ina vitanda vinne na viti vitatu vyenye mukaba. Tusafiri wangapi?
Jibu: Watatu.

Swali: Paa ni kubwa. Niweke huko bidoni za maji?
Jibu: Hapana. Maji yakae chini, karibu na katikati.

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kutoa mafalanga yako, nenda na fundi wa garaji unayemwamini, na nenda na mke wako pia, kwa sababu naye atalala humo. Mapazia utashona baadaye. Hewa, uzito na viti, ukivikosa siku ya kununua, utavilipa njiani. Kazini unarudi nyumbani mzima kwa sababu unafuata sheria. Wakati wa mapumziko, fuata sheria zile zile, na jamaa yako yote irudi nyumbani nzima.