Vitofali vya Kuchezea: Kuiga ni Wapi, na Kuiba ni Wapi?

Katika masomo ya Uraia tunajifunza juu ya mali: nyumba, shamba, ng'ombe, fedha. Mali ya namna hiyo yaonekana kwa macho, na mwizi wake ni rahisi kumtambua. Lakini iko mali nyingine isiyoshikika, nayo ni fikira ya mtu aliyebuni kitu. Muhula huu nataka tuichunguze mali hiyo kwa kutumia mfano mdogo sana, ambao kila mmoja wenu amewahi kuukanyaga kwa mguu mtupu nyumbani kwa watu wenye watoto: kitofali cha plastiki cha kuchezea.

Vitofali vinavyojulikana zaidi duniani ni vya kampuni ya LEGO ya Denmark. Lakini ukiingia madukani utakuta vingine vingi, vyenye majina mengine na bei iliyo chini sana, navyo vyaweza kupachikwa juu ya vile vya LEGO bila taabu. Je, anunuaye hivyo vingine anafanya kosa? Nimesikia walimu wenzangu wakibishana juu ya jambo hili. Mmoja husema kuwa kuvinunua ni kushirikiana na wezi. Mwingine husema kuwa kitofali ni kitofali, na atakaye kulipa zaidi kwa ajili ya jina, shauri lake. Mimi naona wote wawili wamekosa, kwa sababu wanalichukua jambo lenye sehemu nyingi na kulitia katika kapu moja.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe. Kitofali cha kawaida kina vinundu 8 juu yake, safu 2 zenye vinundu 4 kila moja. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hata katikati ya kinundu cha jirani yake ni milimita 8, na kimo cha kitofali bila vinundu ni milimita 9.6. Ukikigeuza chini juu utaona kuwa ndani yake ni tupu, ila mna mirija 3 mifupi. Ukikipachika juu ya kingine, vinundu vya kile cha chini hubanwa kati ya mirija hiyo na kuta za kile cha juu. Plastiki hunyumbuka kidogo mno, kisha hushika. Hakuna gundi wala msumari, na mtoto aweza kuvitenganisha tena kwa vidole vyake. Wanahisabati wamehesabu kuwa vitofali 6 tu vya namna hii, vya rangi moja, vyaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Atakayedhani nimekosea kuandika na ajaribu kuzihesabu mwenyewe wakati wa likizo.

Sasa, fikira hii ni ya nani? Hapa ndipo watu wengi hushangaa.

Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala katika kijiji cha Billund. Mwaka 1932, kazi za ujenzi zilipoadimika, alianza kutengeneza vichezeo vya mti. Mwaka 1934 aliupa mradi wake jina la LEGO, lililofupishwa kutoka maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri." Baada ya vita kuu ya pili alinunua mashine ya kumimina plastiki katika kalibu, na mwaka 1949 alianza kuuza vitofali vya plastiki. Lakini vitofali hivyo hakuvibuni yeye. Mwingereza mmoja, Hilary Fisher Page, mwenye kampuni ya Kiddicraft, alikwisha kuuza vitofali vyenye vinundu tangu mwaka 1947, navyo vilikuwa na hataza ya Uingereza. Watu wa Billund walipata mifano ya vitofali vya Page, wakavirekebisha. Pembe zilizokuwa za mviringo walizinyoosha, vinundu wakavifanya bapa juu, na vipimo wakavigeuza kutoka inchi kuwa milimita, tofauti yake ikawa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Page alifariki mwaka 1957, kabla vitofali vya Denmark havijaanza kuuzwa nchini kwake. LEGO walikuja kununua haki za vitofali vyake mwaka 1981.

Wale wa kwanza hawakuwa na mirija ndani, kwa hiyo havikushikana vizuri, na nyumba ya mtoto ilibomoka alipoinyanyua. Mirija ndiyo iliyoponya udhaifu huo, na hiyo kwa haki ni fikira ya LEGO wenyewe. Godtfred, mwana wa Ole Kirk, aliombea mirija hataza tarehe 28 Januari 1958. Sisemi haya ili kuitia aibu kampuni ya Denmark, kwani walichokichukua walikifanya kuwa bora kuliko kilivyokuwa. Nayasema kwa sababu yule mwalimu mwenzangu amwitaye kila mwigaji mwizi, yampasa aanzie hukumu yake Billund.

Neno hataza nimelitumia mara mbili, na si wote walijuao. Hataza ni hati ya serikali impayo mbuni haki ya kuwa peke yake kutengeneza na kuuza kitu alichobuni, kwa muda uliowekwa, na siku hizi muda huo kwa kawaida ni miaka 20. Lakini haitolewi bure. Mbuni lazima aeleze wazi, kwa michoro na maneno, jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, na maelezo hayo huwekwa mahali ambapo mtu yeyote aweza kuyasoma. Basi ni mapatano. Umma unamwambia mbuni, "Tufundishe ulichokigundua, nasi tutakuachia faida yake peke yako kwa muda. Muda ukiisha, kitakuwa chetu sote." LEGO walipata sehemu yao ya mapatano hayo kwa ukamilifu. Hataza ya mirija ilikwisha muda wake Denmark mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika nchi nyingine baadaye. Tangu hapo atengenezaye kitofali chenye vinundu na mirija hamwibii mtu, naye anunuaye hanunui mali ya wizi.

Kampuni ilijitahidi sana kuurefusha muda huo kwa njia nyingine, na hilo silo la kustaajabisha. Mwenye duka peke yake mjini hafurahi kuona duka la pili likifunguliwa. Mwaka 1988 shauri lake na kampuni ya Tyco ya Marekani lilifika mbele ya Privy Council mjini London, katika rufani iliyotoka Hong Kong. LEGO walidai kuwa michoro yao ya zamani, iliyochorwa upya pamoja na mabadiliko madogo, iliwapa hakimiliki mpya. Walishindwa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua shauri lao na watengenezaji wa Mega Bloks, ikasema kuwa alama ya biashara haiwezi kutumiwa kufufua hataza iliyokwisha kufa. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ilikataa umbo la kitofali lisiandikishwe kuwa alama ya biashara, kwa kuwa umbo hilo ndilo linalofanya kazi ya kushika. Mabara mawili na bahari kati yao, na sababu ni ile ile.

Laiti habari ingeishia hapa, yule mwalimu wa pili angekuwa ameshinda. Lakini haiishii.

Fikirini kanga. Mtu yeyote mwenye kiwanda ana ruhusa ya kupiga chapa kanga yenye pindo, mji na jina. Hakuna awezaye kudai kuwa pindo ni lake. Lakini kanga za Kaderdina wa Mombasa zimeandikwa "K.H.E. – Mali ya Abdulla", na mama anunuaye kanga huyatafuta maneno hayo ukingoni kwa sababu anaujua utengenezaji wake. Atakayepiga chapa maneno hayo juu ya kitambaa chake mwenyewe amefanya makosa mawili kwa mkono mmoja: amechukua sifa aliyoichuma mwingine, na amemdanganya yule mama. Kanga ni ya wote. Jina la mtu si la wote.

Vivyo hivyo katika vitofali. Ilikuwako China chapa iliyoitwa Lepin. Watu wake hawakuridhika na kutengeneza vitofali, jambo ambalo lilikuwa halali. Walinunua seti za LEGO, wakazichambua kipande kwa kipande, wakachonga kalibu zinazofanana, wakazitoa upya seti zile zile pamoja na vijitu vyake, vitabu vyake vya maelezo na picha za masanduku yake. Alama yao ilikuwa ya mraba mwekundu, iliyochorwa ili mtu mwenye haraka asitambue tofauti. Seti za filamu ya Star Wars waliziita "Star Wnrs", kana kwamba kubadili herufi moja huosha mikono. Mwaka 2019 polisi wa Shanghai waliingia katika majengo yao, na mwaka 2020 mahakama ya huko ilimfunga kiongozi wao miaka 6 na kumtoza faini ya yuani milioni 90. Angalieni kwamba mahakama hiyo ilikuwa ya China yenyewe, basi si haki kusema kuwa kila kitokacho China ni cha wizi. LEGO nao wana kiwanda chao Jiaxing, China.

Liko jambo jingine katika habari ya Lepin ambalo kwangu ni baya kuliko hayo. Wako watu duniani, makarani, walimu na wanafunzi, ambao hukaa miezi mingi usiku wakibuni majengo yao wenyewe kwa vitofali, kisha huonyesha picha zake au huuza maelezo yake kwa fedha kidogo. Lepin waliichukua pia kazi ya watu hao wakaiuza, bila ruhusa na bila senti moja. Husikia mara nyingi wakisema, "LEGO ni tajiri, hatapungukiwa." Mimi sikubali kuwa utajiri wa mtu ni ruhusa ya kumwibia, lakini hata wanaokubali, watasema nini juu ya karani huyu? Yeye si tajiri, hana wakili, na pengine hajui kuwa jumba alilolibuni linauzwa katika nchi asiyoifahamu.

Tofauti na hao, itazameni kampuni ya Cobi ya Poland. Vitofali vyake hupachikana na vya LEGO, lakini seti zake ni kazi ya wabuni wake, nyingi zikiwa vifaru na ndege za vita, vitu ambavyo LEGO kwa hiari yao huepuka kuvitengeneza kwa mfano wa vita vya siku hizi. Jina la Cobi limeandikwa juu ya sanduku bila kujificha. Waweza kupenda au kuchukia vifaru katika mikono ya watoto (mimi sivipendi), lakini huwezi kumwita mtengenezaji wake mwizi.

Kwa hiyo mnunuzi na alitazame sanduku kabla ya kutazama bei. Je, mtengenezaji ametaja jina lake na nchi yake? Je, jina hilo limepindwa lifanane na la mwingine? Picha ya juu ni ya kitu alichokibuni nani? Vijitu vilivyomo vina umbo lile la LEGO la tangu 1978? Umbo hilo, tofauti na la kitofali, mahakama ya Ulaya ililiacha liendelee kuwa alama ya biashara mwaka 2015. Hapa kwetu Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 yakataza kuuza vitu vyenye alama za uongo, na Tume ya Ushindani ndiyo isimamiayo, lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila duka la Kariakoo. Tena, sanduku lisilotaja mtengenezaji halina wa kumwuliza rangi imechanganywa na nini, wala kipande kikivunjika kikawa na ncha kali. Na kitofali kidogo, kiwe cha nani, asipewe mtoto wa chini ya miaka 3, kwa maana huishia kinywani.

Chama cha Hisabati kimeniuliza kifanye nini, kwani kinataka vitofali vya kuwafundishia watoto wa shule ya msingi jirani hesabu za sehemu, na mfuko wake ni mwepisi. Kwa kazi hiyo hawahitaji vyombo vya anga wala vijitu. Vitofali vitupu vya mtengenezaji yeyote aliyeandika jina lake mwenyewe vyatosha, na hakuna wa kuwalaumu. Iko njia ya tatu pia, nayo ni kununua vilivyokwisha kutumika. Vitofali vya LEGO vya mwaka 1958 vyapachikana na vilivyotoka kiwandani mwaka huu, na plastiki hiyo haiozi upesi. Vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, lakini yasiwe ya kuchemka, maana hupinda.