Vidonge vya Vitamini D na Moyo wa Kijana Mwenye Uzito Uliozidi

Kijana wa miaka 14 mwenye uzito uliozidi anapopimwa damu na kuambiwa kwamba vitamini D yake iko chini, mzazi hununua vidonge akiamini kuwa moyo wa mwanawe sasa umepata kinga. Imani hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa imebainika mara nyingi kwamba watu wenye upungufu wa vitamini D huugua zaidi maradhi ya moyo. Hata hivyo, mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja limelisababisha jingine.

Kwa nini kiwango hushuka

Sehemu kubwa ya vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopata mwanga wa jua. Kiasi kidogo hutokana na vyakula kama samaki wenye mafuta na kiini cha yai. Ini na figo huigeuza hadi iweze kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu inayoimarisha mifupa. Kwa kuwa vitamini hii huyeyuka katika mafuta, mwili mnene huihifadhi humo, na kiasi kinachobaki katika damu huwa kidogo. Unene huohuo hupandisha shinikizo la damu, huvuruga lehemu na huufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo. Hivyo, upungufu wa vitamini na madhara ya moyo huweza kuwa watoto wa mama mmoja, pasipo mmoja kumzaa mwenzake.

Tafiti zinaonesha nini

Katika kituo cha Mayo Clinic, jimbo la Minnesota, Marekani, vijana wenye unene uliokithiri walipewa yuniti 100,000 za vitamini D mara moja kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Kiwango katika damu kilipanda, lakini uzito, kiuno, shinikizo la damu na uwezo wa mishipa kutanuka havikubadilika. Katika utafiti wa Pittsburgh uliochapishwa mwaka 2020, vijana 225 wa miaka 10 hadi 18 wenye uzito uliozidi na upungufu wa vitamini D waligawanywa kwa kura, wakapata yuniti 600, 1,000 au 2,000 kila siku kwa miezi sita. Dozi kubwa haikuiboresha mishipa kuliko dozi ndogo, ingawa ilionekana nafuu kiasi katika shinikizo la damu na sukari. Kwa upande wa watu wazima, utafiti wa VITAL uliohusisha watu 25,871 ulionesha kwamba yuniti 2,000 kwa siku hazikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi.

Maana yake kwa mgonjwa na mhudumu

Matokeo haya hayaondoi umuhimu wa kutibu upungufu. Mifupa ya kijana bado inakua, na mwenye unene huweza kuhitaji dozi mara mbili hadi tatu ya ile ya mwenzake, chini ya uangalizi wa daktari. Mahitaji ya kawaida ya kijana ni yuniti 600 kwa siku, na haifai kuvuka yuniti 4,000 bila usimamizi. Vitamini D ikizidi mno, kalsiamu hupanda katika damu na kuleta kiu, kichefuchefu, kufunga choo na hata mawe ya figo.

Kuhusu moyo, mhudumu ampime kijana shinikizo la damu kwa mkanda unaolingana na unene wa mkono wake, kwani mkanda mdogo huonesha shinikizo kubwa kuliko lililopo. Sukari na lehemu zipimwe pia. Familia nzima, si kijana peke yake, ipunguze soda, juisi zenye sukari na vyakula vya kukaanga, iongeze mboga, matunda na maji, na ihakikishe kijana anapata usingizi wa kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mpira, kuruka kamba na kutembea kwa haraka vinatosha, na vikifanyika mchana nje ya nyumba, ngozi nayo hupata jua.

Kijana asikemewe wala kutaniwa kwa sababu ya mwili wake, maana aibu humfukuza kliniki. Vidonge apewe mwenye upungufu, kwa ajili ya mifupa yake. Visimfanye yeyote aahirishe matunzo ya moyo.