Damu Husema Nini Kuhusu Matunda na Mboga Tulizokula?

Kwa nini watafiti wapime damu badala ya kumuuliza mtu alichokula?

Mtu akiulizwa amekula mchicha mara ngapi mwezi uliopita, hukisia. Na kwa kuwa mboga husifiwa, wengi huongeza chumvi. Damu haisahau wala haioni haya. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C, wala karotenoidi, yaani rangi zinazoipa karoti, papai na nyanya sura yake. Zikionekana kwenye damu, zimetoka kwenye chakula au vidonge.

Vidonge na mawese havidanganyi kipimo?

Hudanganya. Mawese mekundu yana beta-karotini nyingi, ambayo ni moja ya karotenoidi, ilhali sigara hushusha vitamini C hata kwa mlaji mzuri wa matunda. Ndiyo maana kiashiria kimoja hakitoshi. Utafiti wa EPIC-InterAct wa nchi 8 za Ulaya, uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2020, uliunganisha vitamini C na karotenoidi 6 kuwa alama moja, ukalinganisha watu 9,754 waliopata kisukari cha aina ya 2 na kundi la watu 13,662. Waliokuwa katika moja ya tano ya juu walikuwa na hatari ya kisukari hicho ndogo kwa takriban nusu kuliko wa moja ya tano ya chini. Huenda walaji wa mboga pia hufanya mazoezi zaidi na kuvuta sigara kidogo. Watafiti walizingatia tofauti hizo katika hesabu, lakini utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuziondoa zote.

Basi ninywe vidonge ili alama ipande?

La. Kiashiria ni dalili ya mlo, si dawa. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao wasiopewa, kama ilivyoripotiwa mwaka 1994.

Je, maabara inaweza kuniambia nimekula gramu ngapi?

Haiwezi. Ukishafikia takriban miligramu 200 za vitamini C kwa siku, kiwango chake kwenye damu karibu hakipandi tena, na mapishi hubadili kinachofyonzwa. Kipimo hiki kinafaa kupanga makundi ya watu na kusahihisha majibu ya dodoso. Wewe usilipie kipimo hicho. Hakikisha unakula walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani, na muhogo na viazi havihesabiwi humo.