Mti Ulioangushwa na Upepo: Kuni ni za Nani?

Huku Kivu upepo wa mvua ukiangusha mti karibu na nyumba, ugomvi huanza kabla majani hayajanyauka. Mwenye shamba asema mti ni wake. Jamaa aliyekimbia vita akapewa mahali pa kujenga asema umebomoa nyumba yake. Wote wasikilizwe. Panga lisitangulie: mwiteni nyumbakumi, mgawane mbele yake. Miti iliyonyoka ijenge kwanza nyumba iliyobomoka; kuni zifuate.

Msisimame chini ya tawi linaloning'inia. Shina lililopindika likikatwa huruka kwa nguvu, laweza kuua mtu. Kisiki cha mkaratusi msiking'oe, kitachipuka tena; machipukizi hayo, kwa maoni yetu, ni ya mwenye shamba.