Mchanganuzi wa Biashara na Utata wa Lugha

Mchanganuzi wa biashara husimama kati ya wenye haja na waundao mifumo. Hudodosa, huandika mahitaji, kisha huhakiki iwapo kilichoundwa ndicho kilichohitajika. Michoro na hesabu hufunzika. Ugumu umo katika kusikiliza. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza nchini Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo midogo kwa simu. Watumiaji walianza kutumiana fedha. Waliofuatilia majaribio hayo hawakuliona hilo kuwa kosa bali hitaji lenyewe, na mnamo Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani.

Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye huambiwa (bila haki) kuwa riziki yake imo darasani tu, ana nafasi hapa. Katika waraka wa mahitaji, sentensi “Nambari itakayotumiwa iandikwe” ina maana mbili: itakayotumiwa pesa, kutokana na kutuma, au itakayotumika kutumia huduma, kutokana na kutumia. Mwanamofolojia huutambua utata huo papo hapo. Mtunga programu asipobainishiwa, pesa zitamfikia asiyehusika.